Wimbi la Rangi ya Chai: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Kuhusu Kupiga Picha za Mawimbi Malindi

Kwa misimu tisa ya kusi, ule upepo wa kusini, nimekuwa nikipiga picha za watu wanaoteleza mawimbini juu ya ubao kwenye Ghuba ya Malindi. Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Kuna ya vijana wanaotaka kununua kamera, kuna ya wageni wanaopanga safari, na kuna ya jamaa zangu wenyewe wanaoshangaa mtu mzima kushinda juani akitazama maji. Nimeyaweka hapa mahali pamoja. Ukinikuta ufuoni nimefumba jicho moja na wimbi linakuja, usinione nina kiburi nikikuambia ukasome kwanza.

Kwani Malindi kuna mawimbi ya kuteleza? Si pwani yote ya Kenya imezibwa na mwamba?

Karibu yote, ndiyo. Ukisimama Diani au Watamu maji yamejaa, utaona mstari mweupe kule mbali. Hapo ndipo bahari kuu inapovunjika, na kinachofika miguuni mwako ni masalia. Mbele ya mji wa Malindi mwamba huo unakatika, na aliyeukata ni mto Sabaki, unaoingia baharini kilomita chache kaskazini mwa mji, njia ya kwenda Mambrui. Mwamba huo ni wa tumbawe, na tumbawe hutaka chumvi, mwanga na maji maangavu. Sabaki unaleta maji matamu na tope. Basi hapo pakabaki mlango wazi, na wimbi huingia mpaka mchangani bila kubisha hodi.

Si wimbi la kutisha. Siku ya kawaida humfika mtu kifuani, siku kubwa humpita kichwa. Kinachotufikia hasa ni mawimbi ya upepo wa kusi wenyewe. Yale marefu yanayozaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, mengi hukingwa na Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu. Ndiyo maana letu huja haraka haraka, moja mgongoni mwa jingine, bila ule ukuta mrefu unaouona kwenye picha za Hawaii au Jeffreys Bay ya Afrika Kusini. Linamtosha mtoto wa miaka kumi kujifunzia, na linamtosha mtu mzima kurudi nyumbani akichechemea.

Nije mwezi gani?

Juni hadi Agosti. Kusi huanza kuvuma karibu Aprili na kuendelea mpaka Septemba au Oktoba; kaskazi hushika Novemba hadi Machi. Kaskazi ni msimu wa watalii, jua kali na bahari iliyolala. Picha za mashua utapata tele, wimbi utalisikia katika hadithi.

Aprili na Mei kusi ni mpya na masika yameingia, bahari imechafuka hasa. Vimbunga kwa kawaida havitufikii, lakini Mei 2024 Hidaya kilipopiga pwani ya Tanzania, bahari yetu nayo iliwaka. Wavuvi wenye mvi walivuta vyombo juu mchangani wakakaa kucheza bao. Ukiona mvuvi amekaa, nawe kaa.

Ndani ya msimu, jambo kubwa ni saa. Kusi hupanda na jua, na kufikia saa 4 asubuhi upepo umeshakoroga uso wa maji. Lakini alfajiri mara nyingi kunakuwa na umande, ule upepo mwembamba wa kutoka bara. Huo hulipuliza wimbi usoni, likasimama, likalainika. Hudumu dakika arobaini, ukiwa na bahati saa nzima. Wanaosubiri kwanza chai na mahamri huja kuniambia Malindi hakuna wimbi.

Maji yakiwa yamejaa au yamekauka?

Wimbi la mchangani hubadilika na maji. Yakikauka sana huvunjikia mbali, likatambaa kama mtu aliyechoka. Yakijaa kabisa hugonga ufuo kwa kishindo na kummwaga mtu kifudifudi. Mimi napenda katikati, maji yakiwa bado yanapanda.

Jifunze kuhesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10 hadi 11, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa saa 4 hadi 5. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na saa hugeuka. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Programu za simu zinakupa haya yote kwa mchoro mzuri. Mzee mmoja mvuvi alinifundisha bila mchoro: "Mwanangu, tazama mwezi usiku, utajua kesho uamke saa ngapi." Nikamwambia, "Haya, bwana mkubwa," kisha nikaenda kuangalia simu. Simu ilikuwa imekosea kwa nusu saa. Nilikuwa nimeiacha kwenye bandari ya nchi nyingine.

Kwa mpiga picha bamvua ina neema yake. Ghuba inatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua liko upande wa mji, mgongoni mwako, na maji yanajaa saa hiyo hiyo. Uso wa mtelezaji unamulikwa wote, hata meno unayahesabu. Asubuhi mambo ni kinyume. Jua linatoka baharini, mtu anakuwa kivuli cheusi, na wimbi lenyewe ndilo linalowaka.

Mbona maji ya picha zako ni ya kahawia? Huwezi kuyasafisha kwenye kompyuta?

Hili ndilo swali namba moja, na nimeulizwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano.

Huo si uchafu wa mtaro. Ni udongo. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unakatiza Ukambani, ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari tunauita Sabaki. Kwa urefu ni wa pili Kenya, baada ya Tana. Mvua ikinyesha Machakos, mimi huku baada ya siku kadhaa nabadilisha mipangilio ya kamera. Kaskazi ikivuma, tope husukumwa kusini kuja mjini. Kusi ikivuma, huchukuliwa kaskazini kwenda Mambrui na Ngomeni. Lakini hata wakati wa kusi wimbi lenyewe huchimbua tope lililolala chini, kwa hiyo msimu wa mawimbi hatuoni maji ya kadi za posta.

Kuna jambo lililonifanya niache kabisa kuona haya juu ya rangi hii. Tumbawe hujenga mifupa yake tabaka kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, na ndani yake hufungia alama za udongo ulioletwa na mto. Wanasayansi waliosoma tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi walichapisha matokeo mwaka 2007. Kuanzia mwaka 1700 hadi karibu 1900 udongo ulikuwa wa kiasi kile kile. Baada ya hapo, ukoloni ulipoingia na ardhi ya bara ikafunguliwa kwa mashamba, ukaanza kupanda. Kwa hiyo babu wa babu yangu huenda aliogelea hapa katika maji mengine kabisa. Mimi napiga picha ya haya yaliyopo.

Na ni mazuri, ukiyapa nafasi. Jua la asubuhi likipenya mdomo wa wimbi kabla halijaanguka, lile tope hung'aa rangi ya chai ya rangi ndani ya gilasi iliyoshikwa mbele ya dirisha. Buluu iko kila mahali duniani.

Mara moja, mwaka wa kwanza, niliibadilisha. Nikaipaka buluu safi, nikaichapisha, nikaipeleka nyumbani kujisifu. Mama akaitazama sana, akaisogeza kwenye mwanga, akauliza, "Hapa mlikwenda wapi?" Na yeye kuogelea alijifunza ghuba hiyo hiyo.

Unatumia mipangilio gani?

Kasi ya shata, yaani muda kamera inaofungua jicho: 1/1000 ya sekunde ndiyo ngazi ya chini kwa mtu aliyesimama juu ya ubao, 1/1600 ukitaka kila tone lisimame peke yake hewani. Tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8. ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, iache ipande. Alfajiri napiga kwa 1600 bila wasiwasi. Picha yenye chengachenga husameheka, iliyotikisika haisameheki. Fokasi iwe ile ya kufuatilia, na upige kwa mfululizo, lakini mfululizo mfupi. Anayeshikilia kitufe kama honi ya matatu atarudi nyumbani na picha 3,000 na usingizi wa saa mbili.

Povu linahitaji jicho. Likiwa dogo katikati ya maji ya kahawia, kamera hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na povu linaungua na kubaki kama karatasi tupu. Mimi hushusha mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kupungua nusu). Likijaa fremu nzima, mambo yanageuka na inabidi upandishe. Tazama kioo cha nyuma kila baada ya kundi la mawimbi, si kila baada ya picha.

Mizani ya weupe, yaani kuamua nyeupe ni ipi ili rangi nyingine zifuate, usiiachie kamera. Ikiona kahawia nyingi inadhani taa mbovu imewashwa, inajaza buluu kurekebisha, na Malindi inageuka rangi ya saruji. Weka ile ya jua la mchana, na piga faili ghafi, picha kama kamera ilivyoipokea kabla ya kurekebishwa, ili uweze kurudi nyuma. Kichujio cha polaraizi, kile kioo kinachovikwa mbele ya lenzi kupunguza mwako, wengi hukisifia. Kwetu hufuta mng'ao wa anga juu ya maji, na mng'ao huo ndio buluu pekee tuliyo nayo; tena kinakula stopu moja hadi mbili za mwanga wa alfajiri ambao hata bila yeye hautoshi. Changu kiko sandukuni.

Ukichoka na picha zilizogandishwa, shuka hadi 1/30 umfuate mtelezaji kwa kuzungusha kiuno, si mikono. Kumi zitaharibika. Ya kumi na moja utaitundika ukutani.

Kamera gani ninunue? Simu inatosha?

Jina lililoandikwa mbele ya kamera halinihusu. Mfuko wako ukiwa mdogo, nunua mwili wa mtumba na lenzi nzuri, usifanye kinyume. Ghuba yetu ina mteremko mdogo, wimbi linavunjikia mbali, kwa hiyo lenzi ya mm 300 ni mwanzo na ya 400 ni raha. Tripodi huzama mchangani na kusi huitikisa. Kishikizo cha mguu mmoja kinatosha, au goti lako.

Simu haifiki kule. Lakini simu inawafaa walio ufuoni: mtoto anayevutana na ubao mkubwa kuliko yeye, mzee anayeshona wavu, miguu ya watu watano wakisubiri maji. Picha hizo ndizo watu hunirudia kuziomba baada ya miaka, si zile za mtelezaji hewani.

Vipi kuhusu kupiga ukiwa ndani ya maji?

Kwanza uwe muogeleaji. Simaanishi kwenye bwawa la hoteli. Uwe unaweza kukaa nusu saa majini bila kugusa chini, unapigwa, unameza maji, na bado unacheka. Kwa wiki kadhaa ingia bila kamera yoyote. Jifunze kuzamia chini ya wimbi na kumsoma mtelezaji atapita upande gani, kwa sababu ncha ya ubao wake haijui kama wewe ni msanii.

Wazo lenyewe ni la zamani. Tom Blake, Mmarekani aliyeteleza sana Hawaii, alijitengenezea kasha la kamera lisiloingia maji mwishoni mwa miaka ya 1920. Leo makasha yapo ya kila namna, na mengi ni ghali kuliko kamera yenyewe. Yana madirisha ya aina mbili. Bapa ni la lenzi ndefu kidogo, na kuba ni la lenzi pana, hasa kwa zile picha za nusu juu ya maji na nusu chini. Malindi kuba halina kazi kubwa. Nusu ya juu utapata mtu na anga, nusu ya chini utapata supu. Kwa picha za namna hiyo nenda kusini kidogo kwenye hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, wakati maji yametulia na kuwa maangavu.

Ajali yangu? Msimu wa tatu. Kasha la mtumba, furaha tele, sikukagua. Punje moja ya mchanga ilikuwa imelala juu ya oringi, ule mpira wa duara unaoziba kasha. Wimbi la kwanza zuri, picha mbili, kisha nikaona ndani ya kasha kunacheza kitu kama chai kwenye chupa. Ilikuwa chai kweli, chai ya Sabaki. Nikampelekea fundi mmoja mjini, akaniambia, "Wiki moja tu, kaka." Nikaipata baada ya miezi miwili, skrubu mbili hazipo na kutu imefika kwenye kadi. Picha zile mbili sikuwahi kuziona.

Tangu hapo, kabla ya kila safari, kasha linaingia kwenye ndoo ya maji matamu likiwa tupu, na karatasi ya shashi ndani. Karatasi ikitoka kavu, naweka kamera. Oringi naifuta kwa kidole, si kwa kitambaa, kwa sababu kidole husikia punje ambayo jicho halioni. Dirisha bapa nalitemea mate na kulisugua ili matone yasishike. Usicheke, utakuja kufanya hivyo.

Chumvi je?

Chumvi haifanyi kelele. Ukirudi, usiifute kamera ikiwa kavu; chumvi ni mchanga, itakwaruza. Kitambaa chenye unyevu wa maji matamu kwanza, kikavu baadaye. Kasha lilowe kwenye beseni nusu saa huku ukibonyeza kila kitufe chini ya maji. Mfuko wa kamera uweke vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Dukani kwa binamu yangu kuna mtu anayenihifadhia. Lenzi usibadilishe ufuoni siku ya kusi. Kamwe.

Kuna hatari gani? Papa?

Kila mtu anauliza papa, hakuna anayeuliza mkondo. Ukijikuta unachukuliwa kwenda nje, usishindane na maji. Ogelea sambamba na ufuo mpaka mkondo ukuachie, ndipo uingie. Ukichoka, elea na kuinua mkono.

Katika maji haya hutaona chini, kwa hiyo buruta miguu unapoingia, usinyanyue. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hulala mchangani, na akisikia unakuja atakwenda zake, ukimkanyaga, mwiba. Dawa ya kwanza ni kutumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hospitali. Konyeza, wale wanyama laini wa baharini wanaowasha ngozi, nao huja kwa vipindi, na siku zao tunavaa mikono mirefu.

Mlangoni mwa Sabaki usiogelee. Nenda ukapige picha za ndege, ni pahali pa ajabu kwa flamingo, lakini mtoni mna viboko na mamba. Huhitaji takwimu kwa hilo.

Je, naweza kumpiga picha yeyote ninayemwona ufuoni?

Hapana, na hapa ndipo wageni wengi, pamoja na wageni wa kutoka Nairobi, wanapokosea.

Watoto wanapenda kamera. Watakuzunguka, watapiga pozi, watataka kujiona. Hiyo si ruhusa. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na hata isingekuwepo, mtoto ana kwao. Mimi huwajua mama zao. Nikitaka kuweka picha hadharani naenda nyumbani, napiga hodi, nasubiri kuambiwa karibu, naamkia "Shikamoo, mama," nakaa. Wakati mwingine jibu ni hapana na chai juu yake. Nakunywa chai.

Wanawake wetu huja pwani jioni, wanaingia majini na madera yao, na nguo ikilowa hushika mwili. Elekeza lenzi kwingine. Sitaki hata kuona wimbi zuri kiasi gani lilikuwa nyuma yao. Baadhi ya wasichana siku hizi wanateleza, wengine na mitandio imefungwa barabara kichwani, na hao wenyewe huniambia ipi iwekwe na ipi ifutwe. Nafuta mbele yao.

Wavuvi ni habari nyingine. Wakivuta juya, ule wavu mrefu wa kukokota, usikatize mbele ya kamba na usiruke wavu uliotandazwa. Weka kamera chini, shika kamba, vuta nao. Baada ya hapo piga picha mpaka betri iishe, hakuna atakayekuuliza. Nimerudi nyumbani na fungu la samaki mara nyingi kuliko nilivyorudi na picha nzuri.

Maisha ya pale ufuoni yakoje?

Alfajiri ni yetu sisi wachache. Adhana imekwisha, watu wanatoka msikitini, wengine wanakuja moja kwa moja na kanzu zao kutazama bahari dakika tano kabla ya kwenda kulala tena. Vijana wanafika na mbao mgongoni au juu ya bodaboda, mbili mbili. Mbao nyingi ni mirathi: ziliachwa na wageni, zikavunjika, zikaungwa kwa faiba na gundi ile ile ya kuzibia maboti. Kuna moja naijua kwa miaka saba. Imekatika mara tatu na sasa ni nzito kama mlango, na bado inakimbia. Nta ya kusugua ubao ni ya kuagizwa, kwa hiyo wengine wanasugua mshumaa. Unashika, si sana.

Wadogo hawana ubao wala hawaulizi. Wanalalia kipande cha mbao cha mtumbwi uliokufa, au dumu la lita 20 lililokatwa, wanangoja lile povu la mwisho na kuingia nalo hadi miguuni mwa watu. Wazee wanasema walifanya hivyo hivyo, na hapakuwa na jina la mchezo. Ilikuwa kuogelea tu.

Saa 4 upepo umepanda, wenye tiara zile kubwa za kuvutia ubao wanashika zamu yao, nasi tunarudi makwetu. Jioni pwani inajaa upya. Kuna dada anayekaanga viazi karai na bajia, na ukwaju wake wa pilipili unaweza kumfufua aliyezama. Ananidai kitabuni tangu mwaka juzi. Kuna vijana wanaozungumza Kiitaliano kwa kasi kuliko mimi Kiswahili, maana Waitaliano wamejaa Malindi miaka mingi na biashara ina lugha yake. Kuna mzee anayekuja na kiti chake, anatazama, haongei. Siku moja aliniita: "Kijana, yule wa bukta nyekundu anachelewa kusimama." Nikaenda kuangalia picha zangu za mwezi mzima. Kweli, anachelewa.

Ramadhani pwani inalala mchana, na karibu na magharibi unaona watelezaji wawili watatu majini wakipitisha muda, midomo imefungwa wasimeze maji. Idd ndiyo siku nisiyotoa lenzi ndefu kabisa. Ufuo wote ni nguo mpya, aiskrimu na watoto waliopotea.

Na ufuo wenyewe hausimami. Mchanga wa Sabaki unajenga, kwa hiyo kuna majengo yaliyokuwa ukingoni mwa maji ambayo sasa yana matuta mbele yake na mwendo mzuri kabla hujalowa. Mahali wimbi linaposimama huhama nao. Picha zangu za msimu wa kwanza na wa tisa, nikizilinganisha, ni kama sehemu mbili.

Droni?

Unahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kanuni zake ni za mwaka 2020. Ndani ya hifadhi ya bahari utahitaji pia ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kusi itaipeperusha hata hivyo.

Unauza picha? Na mtu akizitumia bila kukuuliza?

Nauza. Mtelezaji wa hapa hupewa zake bure, kwa sababu bila yeye nina picha ya maji. Mgeni analipa, kwa M-Pesa au taslimu, na bei anaambiwa kabla hajaona picha, si baada ya macho yake kung'aa.

Kuhusu wizi: hoteli moja ilichukua picha yangu mtandaoni ikaiweka kwenye bango la barabarani. Niliipita kwa tuktuk nisiijue. Nilimtambua mtu juu ya ubao, yule wa bukta nyekundu, kabla ya kuitambua picha, kwa sababu maji waliyapaka buluu. Buluu ya dawa ya meno! Nilikwenda mapokezi nikiwa na faili ghafi kwenye kompyuta. Tulizungumza mara nne, mara ya tano wakalipa, na bango likateremshwa. Kilichoniokoa ni ile faili ghafi yenye tarehe. Kwa sheria ya Kenya picha ni mali yako tangu unapoipiga, na haki hiyo hudumu miaka 50. Kuisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki si lazima, lakini siku ya mabishano cheti husema kwa sauti kuliko wewe. Yule kijana wa ubao nilimgawia nusu. Akauliza kama wanaweza kumpa lile bango. Sasa ni turubai la kufunikia pikipiki yake.

Mbona hutaji hasa ni sehemu gani ya ghuba?

Kwa sababu inahama, kama nilivyosema. Na kwa sababu watu kumi majini ni mchezo, arobaini ni soko. Ukifika utaiona; fuata watoto wenye madumu.

Nikija, nitakupata wapi?

Siku za bamvua, Juni hadi Agosti, kuanzia saa 9 alasiri niko mchangani na kofia ya ukili. Ukinikosa, uliza kwa dada wa viazi karai. Atakuambia nilipo, na pengine atakuuliza kama umekuja kunilipia deni.